Vipande Kumi na Viwili vya Nyama

Mtaani walimwita Bwana Minofu, lakini hakuna aliyemwita hivyo usoni isipokuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye hakuogopa mtu. Aliajiriwa na idara ya afya ya mji. Asubuhi alivaa koti la rangi ya majivu, akachukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ndani ya ndoo mlikuwa na vipande vya nyama vilivyotiwa dawa ya sumu. Alivitega kwenye majalala, nyuma ya mabucha na kando ya mitaro. Mbwa wasio na wenyewe walivila, na baada ya muda yeye na dereva wa gari la taka walirudi kuwaokota. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Hakuipenda wala hakuichukia. Alikuwa ameishia darasa la saba, na siku alipoipata alimshukuru Mungu kama mtu mwingine yeyote aliyepata kazi ya serikali.

Alikuwa mtu wa haya. Dukani alisubiri hadi wote wahudumiwe ndipo atoe sauti, na hata hapo muuzaji ilibidi amwombe arudie. Mbwa walimjua. Akipita, waliolala kivulini waliinuka na kuhamia ng'ambo ya barabara, na watu wakacheka. Yeye aliinamisha kichwa na kuongeza mwendo.

Msemaji wa nyumba alikuwa mkewe. Mwaka ule, akiwa anaanua nguo, alipigwa na kiharusi, akaanguka na shuka mkononi. Baada ya wiki kadhaa mguu ulirudi, ingawa kwa kuburuta. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa tu mapajani kama kitu cha kuazima. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, kijana mpole mwenye miwani, aliwaambia wazi: vidole vikipewa kazi sasa vinaweza kuamka, lakini vikikaa bure miezi michache vitakaza, na vikishakaza basi tena. Akampa mpira mdogo wa kuminya.

"Mimi si mtoto mchanga," mkewe alisema walipofika nyumbani, akauviringisha mpira chini ya kitanda.

Aliyeleta habari ya mbwa alikuwa binti yao, anayefundisha watoto wadogo katika mji mwingine. Alipiga simu jioni, na baba akaweka sauti ya juu ili mama naye asikie.

"Baba, mbwa wa mwenye nyumba wangu amezaa. Wanne. Nimemwekea mama mmoja."

"Mbwa?" baba alisema.

"Amlishe kwa mkono ule. Mpira hauna njaa, baba. Mbwa akiwa na njaa atamsumbua mpaka mkono utaamka wenyewe."

Mama ndiye aliyecheka, kwa nusu ya mdomo, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu siku ya shuka.

"Mlete, mwanangu," alisema. "Tena asinishike mkono mtu. Nitamlisha mwenyewe."

Nani angesema hapana baada ya hapo? Lakini usiku ule baba hakupata usingizi mzuri. Mtu mwingine angewaza viatu vitakavyotafunwa na mikeka itakayokojolewa. Yeye aliwaza mizunguko. Kila baada ya miezi mitatu idara ilizunguka mtaa wao, na kwa miaka yote hiyo alikuwa ameokota mbwa wenye mikanda shingoni, mbwa waliooga sabuni, mbwa wenye majina. Geti lilisahauliwa wazi dakika tano tu, na mbwa akakuta kitu kitamu. Mbwa hakatai nyama. Kazi yote ya idara ilisimama juu ya jambo hilo moja.

Aliomba likizo ya siku nne, akaanza kuiandaa nyumba.

Hakuna mtu katika mji ule aliyejua kama yeye mbwa hupita wapi. Alipiga magoti uani, akatambaa, macho yake yakiwa usawa wa macho ya mtoto wa mbwa. Chini ya geti paliingia ngumi mbili, akagongomea ubao. Tundu la kutolea maji ya bafu alilifunika kwa wavu wa chuma na kulikandika saruji pembeni. Jikoni alitoa chini ya sinki dawa ya panya, mafuta ya taa na chupa ya dawa ya kufulia, akavipandisha kwenye rafu ya juu kabisa. Waya wa redio aliuinua na kuufunga ukutani. Vidonge vya mama vilimtia wasiwasi, kwa sababu vilimponyoka kila siku vikabingirika chini ya viti, basi akamtengenezea sinia la mbao lenye kingo.

Mama aliketi kwenye kiti chake cha barazani akitoa amri.

"Hapo nyuma ya pipa je?"

"Nimeziba."

"Umeziba kama ulivyoziba paa mwaka juzi? Hebu tikisa tuone."

Alitikisa. Ubao ukatoka. Mama akacheka tena, na baba, aliyekuwa na misumari mdomoni, nusura ameze mmoja.

Malazi yalikuwa kreti la soda lililotolewa vigawanyo vyake, likatandikwa sweta kuukuu la mama ili mgeni azoee harufu yake. Bakuli la maji alichagua la udongo, zito, lisilopinduka. Koti la kazi alilipeleka ofisini akaliacha huko pamoja na ndoo na viatu, na siku mbili mfululizo alioga kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikapauka.

Fundi cherehani aliyaona yote kutoka upande wake wa ukuta. "Shemeji!" aliita. "Kumbe siku hizi fisi anajenga banda la mbuzi?"

Bwana Minofu alitabasamu kwa aibu na kuendelea kusugua mikono.

Ilibaki kazi moja, na hiyo hakumwambia mtu. Ijumaa mchana, mama alipolala kidogo baada ya chakula kama kawaida yake, baba alitoa nyama jikoni. Alikata vipande kumi na viwili, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba, kama kazini. Akapasua kila kipande tumboni, kama kazini. Palipokaa dawa alitia pilipili ya unga, kali ile ya kutoa machozi, akafinya pakafunga. Kisha akavipanga ndani ya bakuli, akavifunika na kuvificha kwenye jokofu, tayari kwa mgeni.

Mgeni aliletwa na binti Jumamosi, ndani ya kikapu. Alikuwa wa rangi ya kahawia, tumbo kubwa, masikio yasiyojua yasimame au yalale. Hawakumtafutia jina. "Mgeni amekojoa," mama alisema dakika ya pili, na jina likawa hilo hilo. Binti alikaa siku mbili, akaaga akiwa na furaha, kwa sababu mama alikuwa amejipaka mafuta usoni bila kuambiwa.

Jumatatu mchana, mama akiwa amelala, baba alivitega vipande. Kimoja kando ya geti. Kimoja chini ya kamba ya nguo. Kimoja jikoni, viwili sebuleni, kimoja chini ya kile kiti cha barazani, na sita vilivyobaki kandokando ya ukuta. Mkono wake ulijua pa kuweka bila yeye kufikiri. Alipoinuka, alimwona fundi cherehani amesimama ukutani, macho yamemtoka pima.

"Shemeji! Mpaka kwako?"

"Si dawa," alisema Bwana Minofu. "Pilipili tu. Namfundisha asile ovyo."

"Mwenzio amelala ndani na wewe unatega uani kwake?"

"Usimwambie, jirani. Nakuomba."

Mwanamke yule alimtazama, akabetua midomo. Hakumwambia mama.

Mgeni aliokota kipande cha kwanza kwa furaha yote ya duniani. Baada ya kutafuna mara mbili alilia, akasugua pua ardhini, akazunguka, akanywa maji, akapiga chafya mpaka akaanguka. Cha pili alikiokota vile vile. Cha tatu alikinusa kwanza. Siku ya nne, baba alipotega vipya, alivipita vyote kumi na viwili mkia ukiwa katikati ya miguu. Ndipo baba akamwomba dereva wa gari la taka aje ampe kipande kwa mkono, na fundi cherehani naye, kwa kunung'unika, akampa kimoja juu ya ukuta. Mgeni alijifunza mikono kama alivyojifunza ardhi. Kilichoanguka kilikuwa moto. Cha mkononi mwa mtu kilikuwa moto. Chakula kilikuwa kile tu kilichowekwa na Bwana Minofu ndani ya sahani ya bati, baada ya mluzi mmoja.

"Huyu hakuna atakayemwua," dereva alisema akitikisa kichwa. "Labda umuue wewe mwenyewe kwa masharti."

Baba alijiona mtu. Kwa mara ya kwanza ujuzi wake ulikuwa umemkinga mbwa. Mama alipouliza lini ataanza kumlisha, alimjibu kwamba tumbo la Mgeni halijatulia, wasubiri wiki mbili. Mama akakubali. Alichofanya mama, na baba hakukijua mpaka alipofagia chumba, ni kuutoa ule mpira chini ya kitanda kwa mpini wa ufagio. Kila asubuhi aliuminya, jasho likimtoka, akijiandaa kwa siku yake. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kuitika, na cha shahada nyuma yake.

Siku yenyewe alivaa gauni safi. Alitaka baba asimame mbali, naye baba alisimama akitumaini kwamba harufu ya sweta ingemtenga mama na watu wengine. Kipande cha nyama alikichukua mwenyewe kwenye sinia. Vidole viwili vilichelewa, vikatetemeka, vikakishika. Akauinua mkono hadi ukingo wa kiti, taratibu, kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

"Mgeni. Njoo, mwanangu. Njoo kwa mama yako."

Mgeni alikuja akitingisha mwili mzima. Alinusa vidole. Masikio yakalala. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, akaanza kusugua pua sakafuni ingawa hakuonja chochote. Kipande kikaponyoka, kikaanguka mbele yake, naye akaruka kama aliyerushiwa jiwe na kuingia chini ya meza.

Mama alijaribu tena. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imebadilika. Ya nne hakuimaliza. Aliuvuta mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaufunika kwa shuka.

"Hata yeye," alisema.

"Mama, mbwa mdogo huyu, hajui..."

"Anajua. Mbwa anajua harufu ya kitu kilichokufa."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Maneno yalikuwapo kooni, mafupi tu. Lakini mtu aanzie wapi kumwambia mkewe kwamba alimtegea uani mwake wakati amelala? Akatoka nje, akajifanya anakagua ubao wa geti.

Siku zikapita. Mama aliacha mpira, na alikula kwa mkono wa kushoto akiangalia ukutani. Mgeni alipopigiwa mluzi na kula kwenye sahani ya bati, mama aligeuza uso. Walipokwenda hospitali, kijana mwenye miwani alikunjua vidole kimoja kimoja, na sura yake ikaanguka.

"Mwezi uliopita viwili vilikuwa vinafanya kazi. Sasa vinakaza. Kuna nini nyumbani?"

Baba alitazama viatu vyake.

Alisema siku hiyo hiyo, walipofika barazani, kabla hajamketisha.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mgeni hakuukataa mkono wako. Nilimfundisha mimi. Nilitega nyama yenye pilipili, akakoma kuokota. Nikawapa watu wampe yenye pilipili, akakoma kula mkononi kwa mtu. Nilitaka asife, mama. Nilitaka mzunguko ukija asiguse."

Mama alikaa polepole. "Ulitega wapi?"

"Uani. Jikoni. Na hapa."

"Vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Mara moja?"

"Kila siku. Ukiwa umelala."

Mashine ya fundi cherehani ilisikika ikikimbia, ikasimama, ikakimbia.

"Nami nauosha mkono huu kila saa," mama alisema. "Nimeusugua kwa jiwe la kusugulia miguu. Nikidhani unanuka."

Baba alichuchumaa mbele ya kiti.

"Mwachishe," mama alisema.

"Nikimwachisha atakula cha kila mtu. Mzunguko wetu ni mwezi ujao."

"Si unazunguka wewe? Ruka nyumba yako."

"Hawanipi. Mtaa wa mtu hapewi mwenyewe. Kuna mwenzetu aliwahi kuruka kwake na kwa ndugu zake wote, ndipo sheria ikaja."

"Basi mwezi mmoja unautosha mkono huu. Mwachishe, baba. Nataka ale mkononi mwangu."

Kazi hiyo pia aliijua. Kuna mbwa wazee mitaani, waliokwisha kuona wenzao wakianguka, ambao hawaokoti kitu. Idara nzima ilikuwa ikimtuma yeye kwa mbwa wa namna hiyo. Unakaa chini. Unampa mgongo. Unakula wewe kwanza, tena kwa sauti. Unadondosha kipande kama kwa bahati mbaya, hugeuki. Unadondosha cha pili karibu zaidi. Unakuja kesho na kesho kutwa. Mwishowe anakusogelea, na siku hiyo ndiyo unatia dawa.

Alifanya hivyo hivyo sebuleni kwake, mke akitazama. Alikaa sakafuni akampa Mgeni mgongo, akatafuna nyama iliyochemshwa, akadondosha. Siku tatu Mgeni alitetemeka chini ya meza. Siku ya nne baba alisikia kucha sakafuni nyuma yake, kisha ulimi. Mikono yake, kwa mazoea, ikaanza kutafuta gunia la mizoga.

"Unatafuta nini?" mama aliuliza.

"Amekula," alisema.

Siku ya tisa aliweka kiganja chake chini ya kiganja cha mama, nyama juu. Mgeni akala. Siku ya kumi aliondoa chake. Mgeni alilamba kila kidole cha mama, mbele na nyuma na katikati, na kile cha kati, ambacho hata hospitali walikuwa wamekikatia tamaa, kikajikunja chenyewe kumkuna kidevu. Tangu hapo ikawa asubuhi na jioni. Mama alirudisha sauti yake. Alimwita fundi cherehani aje aone, na fundi cherehani akaja na mkate, na Mgeni akala mkate ule mkononi mwake bila hata kunusa.

"Eh! Siku hizi ana adabu!" fundi alisema.

Baba alikwenda kutafuta nyundo ya kukazia ubao wa geti.

Alimwomba bosi wake mtaa ule urukwe mara moja tu. Ilimchukua nusu saa mlangoni kabla ya kubisha hodi.

"Una mbwa? Wewe?" Bosi alicheka mpaka akashika meza. "Mfungie ndani, bwana. Si ndivyo tunavyowaambia watu?"

Walimfungia ndani. Asubuhi ya mzunguko, mama aliketi na Mgeni sebuleni, mlango umekomewa. Baba alikuwa upande wa pili wa mji na ndoo yake. Alitega vipande vyake haraka na vibaya, akamwacha dereva akishangaa, akarudi nyumbani kwa miguu kabla ya saa sita.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa sakafuni barazani, miguu ameinyoosha, Mgeni mapajani. Uani kunguru wawili walikuwa wakirukaruka.

"Alitaka kukojoa," mama alisema. "Nilimshika mkanda. Nilikuwa nimemshika, baba. Kunguru akadondosha kitu, palepale miguuni."

"Amekula?"

"Nilitia mkono mdomoni. Huu. Nilimpanua nikakitoa."

Aliunyoosha mkono wa kulia, umefumbwa. Vidole vyote vitano vilikuwa vimeshika, vimeshika hasa, na sasa havikutaka kuachia. Baba alipiga magoti, akavifungua kimoja kimoja. Katikati ya kiganja palikuwa na kipande cha nyama chenye alama za meno. Alikiangalia sana. Alijua ukubwa wa kile kipande kilipotoka kwenye ndoo.

"Nimewahi?" mama aliuliza.

Miaka yote angetafuta pa kutazama. Safari hii alimtazama yeye.

"Umewahi nusu."

Alileta maji na sabuni, akamwosha mkono huo mpaka kwenye kiwiko, mara tatu, kati ya kidole na kidole, akamwuliza kama ana jeraha, naye hakuwa nalo. Alimnywesha Mgeni maji ya chumvi ili atapike. Akatapika kidogo, povu tupu. Daktari wa mifugo alikuwa mji mwingine, na wote wawili walijua hilo. Kisha miguu ya nyuma ya Mgeni ilianza kukakamaa, ikaachia, ikakakamaa.

Baba aliketi sakafuni ubavuni mwa mkewe. Mkono wa kulia wa mama, uliokuwa bado umelowa, ulirudi kwenye shingo ya Mgeni na kuanza kumkuna nyuma ya sikio. Vidole vyote vilitembea, hata kile kidogo.

"Anasikia?" mama aliuliza.

"Anasikia."

"Nimkune, au namwumiza?"

"Mkune, mama," alisema. "Usiache."